Ukuta wa Mwanamke Mwenye Bundi

Jumamosi, 2 Machi
Tangu itoke ile filamu ya mapenzi iliyopigwa humu ndani, makumbusho yetu hayapumui. Leo mabasi mawili kutoka Cleveland. Wote swali moja: "Dada, mwanamke mwenye bundi yuko wapi?" Nawaambia ile picha ilichorwa na mafundi wa filamu, tumeitupa stoo. Kaka mmoja alikuja na pete mfukoni, amchumbie mwenzake chini ya picha hiyo kama walivyofanya kwenye filamu. Nusura alie. Nilimwonea huruma, ingawa kucheka nako nilicheka.

Alhamisi, 7 Machi
Leo wenyeji wa mji wetu, Buffalo, wanaingia bure. Bibi Halina kaja na mkongojo wake, kama kila Alhamisi. Kakaa mbele ya picha aliyochorwa na baba yake, mfua chuma – yeye ana miaka saba, bakuli la supu mbele yake. Picha nyingine za mzee wake ziliungua na nyumba. Bibi huisalimia kwa Kipolandi, kisha anatulia. Sisi walinzi tunapita kwa kunyata.

Jumanne, 12 Machi
Gretchen, mkuu wa maonyesho, kaamua: bundi atundikwe. Na ni ukuta ule ule wa kwenye filamu, wa Bibi Halina! Picha ya supu inaenda stoo. Nikamwambia bibi anakuja keshokutwa. Eti ni miezi sita tu, Nadine, usinianzie.
Miezi sita, kwa mtu wa miaka themanini na tisa. Imeniuma. Nimempigia bibi simu mimi mwenyewe, nikamweleza.  Akauliza tu kama bado tunaazimisha wageni vile viti vya kukunja.

Alhamisi, 14 Machi
Kaazima kiti. Kakiweka chini ya bundi kabisa, uso kwa watu. Foleni mpaka mlangoni.
"Bibi, sogea kidogo basi, unatuharibia picha."
"Mimi nimekaa kwenye ukuta huu mama yako hajazaliwa. Subiri."
Gretchen kwenye redio yetu ya walinzi: mwondoe. Nikamkumbusha sheria yetu – aliyeazima kiti anakaa apendapo mpaka tufunge.  Akajibu: asipoondoka yeye, utaondoka wewe.
Naandika chumba cha mapumziko. Moyo umetulia. Nimevua koti la ulinzi, nimelitundika. Chai imeisha. Naenda kuazima kiti cha pili.