Majibu ya Brenda

Majengo, Moshi
19 Agosti

Mpendwa dada Elisifa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mama miguu imempoa kidogo, na ng'ombe amezaa salama. Haya ninayoyaandika nilijaribu kuyasema kwa simu mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za mvua huko Marangu. Mwanao Brenda, uliyeniachia huku asome, yu hai. Nakuambia mapema usije ukaacha kusoma ukakimbilia stendi.

Unakumbuka Daktari Wenseslaus, yule aliyeletwa kwenye kliniki yetu ya vijana na kompyuta yake? Mtu huyo, dada, viatu vimechongoka kama mdomo wa kuku, na Kiswahili anakitema kana kwamba kina miiba. Alitutangazia sisi wauguzi kuwa kompyuta imefundishwa kwa majibu ya mamia ya vijana wenye sonona, hadi ikajua kubashiri ni nani kati yao atavamiwa na wasiwasi mkubwa, ule wa kubana kifua na kukimbia watu. Kazi yetu ilikuwa kuwauliza maswali arobaini na kujaza majibu. Yeye hakukaa na mtoto hata mmoja. Alikaa na kioo cha kompyuta yake, akinywa chai, akisubiri rangi iwake: nyekundu hatari, kijani salama. Nilimwambia muuguzi mwenzangu Hajira kwamba hata fundi cherehani wa hapa mtaani humjua mtoto mwenye hofu pale tu anapompima mabega. Tulimcheka hadi akatusikia.

Brenda naye aliingizwa, kwa ile sonona iliyomshika tangu shemeji, baba yake, afariki. Kompyuta ikampa kijani.

Wiki tatu baadaye, siku ya kwanza ya mtihani wa majaribio, kengele ililia akashindwa kuvuta pumzi. Aliangusha meza, akakimbia. Walimu walimtafuta mpaka saa tisa alasiri, wakamkuta amejikunja nyuma ya tangi la maji, kucha zimechimba viganja hadi damu. Alipoletwa kwangu hakuweza kutamka hata jina lake.

Kwenye kikao nilisimama mbele ya mganga mfawidhi, mkuu wa kliniki yetu, nikamwita Wenseslaus tapeli, nikasema kijani chake kimemtupa shimoni mtoto wa dada yangu. Akasimamishwa kazi, akakusanya nyaya zake huku tunamtazama. Nilimdharau hata kwa jinsi alivyozikunja.

Dada, majibu ya Brenda niliyajaza mimi. Tulipofika kwenye hofu aliniambia, “Mama mdogo, kengele ya shule ikilia tu moyo unataka kutoka. Nami silali.” Nikamwambia, “Acha kudeka. Unataka watu waseme kwa muuguzi kuna kichaa?” Nikaandika hapana. Usingizi, nikaandika analala vizuri. Maswali mengine kumi na mawili sikumwuliza kabisa. Kompyuta ilisoma uongo wangu, ikaurudisha vilevile.

Juzi nilimfuata Wenseslaus nyumbani alikopanga, nikamweleza. Alinitazama kama nilivyozoea kumtazama yeye, kisha akauliza jambo moja tu: ni vijana wangapi wengine niliowajazia hivyo? Nilihesabu kwa vidole, nikapoteza hesabu. Jana nikakiri kwa mganga mfawidhi. Wenseslaus amerudishwa kazini, mimi nimesimamishwa, na Hajira anawauliza upya vijana wote niliowahudumia. Wawili tayari wameangua kilio kwenye swali la kwanza la hofu.

Brenda anaonana na mshauri, na mtori wa ndizi anakunywa kidogo. Lakini nikiingia chumbani anageukia ukutani, na kwa hilo sina wa kumsingizia.

Nisalimie mama na majirani wote wa kihambani, huko migombani kwetu. Njoo Jumamosi umchukue mwanao. Ukifika usianze na mimi. Mwulize yeye, na akikawia kujibu, msubiri.

Mdogo wako,
Eliona