Nilichomoa Kadi Ofisi Ikiwa Wazi

Jumanne, jioni. Joto halijatoka ukutani, na wingu limekaa juu ya Hai Cinema, mtaa wetu hapa Juba, tangu asubuhi bila kudondosha hata tone.

Wafula, najua utasoma hapa kabla ya wengine, kwa hiyo naanza na wewe. Samahani. Ulinitumia kile kikompyuta kupitia mtu wa uwanja wa ndege, ukaomba nikuandikie kama kimefika na kama kinafanya kazi. Nikanyamaza, hadi ukampigia mama kumuuliza kama niko mzima. Nilikuwa mzima, nimechoka tu. Tabitha anaota meno, na mtoto anayeota meno hakuachii hata mkono mmoja wa kuandikia.

Kimefika. Kinafanya kazi. Leo kilitaka kuniua.

Kwa wale msiojua: kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi kwenye kibanda, na laptop yangu iliungua siku umeme wa jenereta ulipopanda ghafla. Kaka yangu akanitafutia kikompyuta cha mkononi, kipana kidogo kuliko simu, chenye vitufe vya kubonyeza kwa vidole gumba. Kinatumia Linux. Nafasi ya ndani ni ndogo, programu za ofisi hazienei, kwa hiyo Wafula aliziweka zote kwenye kadi ya memori, ndani ya faili moja. Husakinishi kitu. Unachomeka kadi, unabonyeza, ofisi inafunguka. Ukimaliza unaifunga, unachomoa kadi, unaenda nyumbani na ofisi yako kwenye mkoba.

Nilipenda sana hilo la kuibeba. Sikufikiria kwamba kitu cha kubebeka ni rahisi pia kukitoa mahali ambapo bado kinahitajika.

Kikompyuta kina mlango mmoja wa kadi. Kina tundu moja la waya: ama unachaji, ama unaunganisha printa.

Asubuhi alikuja Nyakundi, Mkenya mwenzetu anayepika kwenye hoteli moja ya mtaa wa Amarat. Mdogo wake, Mogaka, amekufa kwa malaria. Ndege ya Nairobi ilikuwa ya mchana, jeneza lilikuwa limeshapelekwa upande wa mizigo wa uwanja wa ndege, na wenzao walikuwa kanisani wanangoja kufanya maombi kabla ya safari. Alitaka kijitabu cha mazishi. Kwetu huwezi kuzika mtu bila kijitabu, kila mtu anajua. Lakini yeye hakuja kwa desturi tu. Mama yao hakumwona Mogaka tangu alipokuja Juba, na swali lake litakuwa moja: mwanangu aliishi vipi huko?

"Mimi mdomo wa kumwambia sina," Nyakundi akasema. "Nikianza nitalia. Nataka nimpe karatasi mkononi."

Pikapu ilikuwa nje, injini haijazimwa.

Nilimfunga Tabitha mgongoni nikaanza kuandika. Nyakundi alisema maneno na mimi nikayaandika: alikuwa mcha Mungu, mwenye bidii, mpole, aliyependwa na wote. Kwenye kioo kile ukurasa mzima ni kama stempu, inabidi uukuze hadi unaona mstari mmoja mmoja, hujui umetoka wapi wala unaenda wapi. Vidole gumba viliuma. Mtoto alikuwa ananivuta nywele. Niliandika wasifu wote na ratiba yote ya maombi, na sikuhifadhi hata mara moja. Nilisema nitahifadhi nikiweka picha.

Picha ilikuwa kwenye kadi ya memori ya simu ya Mogaka. Simu yenyewe imepasuka, haiwaki. Nyakundi akanipa ile kadi ikiwa imekunjwa ndani ya tishu.

Nikachomoa kadi yangu nikachomeka yake.

Yaani nilifanya hivyo. Mkono ulienda wenyewe, kama unavyobadilisha kanda kwenye redio. Wafula, ulinikanya kwa simu, ukarudia: hiyo programu haiko ndani ya mashine, iko kwenye kadi, usiichomoe ikiwa wazi. Na mimi nikasema ndiyo, ndiyo, nimesikia.

Kioo kiliganda. Halafu ofisi ikafungika, nikabaki naangalia kioo kitupu cha bluu.

Nikarudisha kadi yangu, nikafungua tena. Ikaniuliza kama nataka kuokoa hati. Nikabonyeza ndiyo. Ikaniletea karatasi nyeupe.

Niliona haya kulisema. Nje pikapu ikapiga honi.

"Nyakundi, nimeipoteza. Yote."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Dada, unajua ndugu yangu yuko wapi saa hii? Yuko kwenye sakafu ya saruji, katikati ya magunia ya watu."

Hassan wa duka la jumla la jirani, Msomali wa Garissa anayenipa umeme wa sola yake, alikuwa amesimama mlangoni tangu honi ya kwanza. "Mama Tabitha," akasema, "hicho kikompyuta kilizaliwa kabla ya siku zake. Malesh, ndugu yangu. Pole. Keti, atakuandikia tena."

"Keti," na mimi nikasema. "Ukisimama hapo unanizibia mwanga." Nilisema kwa sauti ninayotumia na Tabitha akishika waya. Akaketi.

"Sikumbuki nilichosema," akasema.

"Basi sema kingine."

Akafuta uso kwa mkono. "Lakini ni sawa tu. Hata mimi huyo mtu tuliyemwandika sikumtambua."

Halafu akaanza, haraka, bila kupanga. Andika alikuwa anasonga ugali mgumu, tunamwambia huu tujengee ukuta. Andika alimtumia mama redio kwa basi ikafika imevunjika, hakumlaumu mtu, akanunua nyingine akaisindikiza mwenyewe hadi kwa dereva. Andika alijifunza Kiarabu cha hapa kabla yangu, na alikuwa ananitafsiria sokoni, anaongeza matusi yake katikati. Andika hakulala peke yake siku ya mwisho, nilikuwepo, nilimshika miguu kwa sababu ilikuwa baridi.

Niliendelea kuandika ili asinione uso. Kila mstari ulipoisha nilihifadhi. Kila mstari.

Tulipofika kwenye picha nilifunga ofisi kwanza. Nikatoa kadi yangu, nikaingiza ya Mogaka, nikanakili picha ndani ya mashine, nikatoa yake, nikarudisha yangu, nikafungua. Nilikuwa nasema kila hatua kwa sauti kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Picha ilikuwa moja tu inayomwonyesha vizuri: yuko kwenye harusi ya mtu, ameshika sahani, mdomo umejaa. Nikakata wengine wote akabaki yeye na sahani.

Betri ilikuwa nyekundu. Ili kuchapa ilibidi nichomoe chaji niweke waya wa printa. Upande wa kwanza ukatoka. Nikageuza karatasi. Upande wa pili ukaanza, pole pole, picha ikija kwanza kwa nywele, halafu macho, halafu lile shavu lililojaa. Mstari wa mwisho wa maombi ulipotoka tu, kioo kikazima.

Lakini karatasi nilikuwa nayo, na printa yangu inatoa kopi yenyewe. Hassan alikunja, Nyakundi alikunja, mimi nilibonyeza. Waliondoka na rundo likiwa bado na joto.

Adhuhuri ndege ilipita juu ya kibanda. Sijui kama ni ile. Nilimwinua Tabitha aione.

Sasa, Wafula, ninachohitaji, na tafadhali usibadilishe. Kadi ya pili, yenye ofisi hiyo hiyo, na iwe ile iliyoundwa kwa mashine ndogo kama hii. Ile ya kompyuta kubwa uliyonitumia mwanzoni ilikataa kufunguka. Kifaa cha kusomea kadi, cha waya, ili kadi ya mteja isiingie tena kwenye mlango wa ofisi yangu. Kile kipande cha kugawa tundu, kinachoingia sehemu moja na kutoa tatu, nichaji huku nachapa. Wino mweusi chupa mbili na wa rangi moja moja, maana Mogaka ameenda nyumbani akiwa wa kijivu. Pete ya mpira ya kutafuna, ya Tabitha.

Na picha yako. Nyakundi alipoondoka nilitafuta kwenye simu yangu. Nina za printa, za mawingu, za mtoto hazihesabiki. Yako hakuna. Piga ukiwa peke yako, macho wazi, uichape kwenye karatasi kabisa, umpe yule mtu wa uwanja wa ndege.