Mizani ya Masanja na Chuma Changu

Jumatatu, Kilosa. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu alfajiri na hayanyeshi. Yamenuna tu, kama mimi.

Shajara, leo usinicheke. Una tabia hiyo, hasa nikiandika habari za chuma. Mtu mzima, mjukuu wa kumi na moja yuko njiani, kila asubuhi yuko uani ananyanyua bomba lenye makopo mawili ya zege juu ya kichwa. Mke wangu alishanipeleka kwa mchungaji niombewe. Mchungaji akaomba, akasema amina, halafu akauliza kama na yeye anaweza kujaribu.

Chuma chenyewe nilikitengeneza nilipopunguzwa kazi relini. Nilimwaga zege kwenye makopo ya rangi, nikachomeka bomba, likakauka. Kukipima nikampelekea Masanja. Yeye Msukuma, mimi Msagara wa Munisagara, watani, tunatukanana tangu siku aliyoingia hapa na ng'ombe wake. Akichukua kuku wangu namcheka. Nikivaa viatu vyake nikaondoka navyo, mkewe ananisindikiza. Biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi na ushirika wetu ukafa, Masanja ndiye aliyeshika mizani, akipima mahindi yetu kwa niaba ya tajiri mmoja wa mjini. Tajiri alishaondoka, mizani ikabaki. Basi akakitundika chuma changu kwenye ndoano, akasoma: kilo thelathini na tano.

"Arobaini huiwezi, mtani," akaniambia. "Ninyi Wasagara mmezoea kunyanyua vikombe."

Arobaini ikawa ugonjwa wangu.

Mwaka mzima na ushee. Thelathini na tano inapanda mara tatu, ya nne kwa taabu. Nikifunga mawe mawili ya kufikisha arobaini, nayo aliyapima Masanja, chuma kinafika usawa wa macho kinasimama, tunatazamana. Nikala dona na dagaa. Nikajaribu kunyanyua chepesi mara nyingi. Nikajaribu kupumzika siku moja moja. Nikaacha pombe wiki nzima, na kwa hilo peke yake nilistahili nishani. Wapi. Na kila asubuhi Masanja anakuja, anakaa kwenye kigoda changu, ananihesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu, mzee kafa.

Alhamisi nilikwenda Mikumi kumwona binti yangu anayeuza chakula kwa madereva wa malori. Nyuma ya banda lake vijana wana jimu, vyuma vya dukani, kilo zimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Nikavua shati. Wakacheka mbavu zangu, nikacheka suruali zao. Nikawaambia wanipangie thelathini na tano.

Kilipanda kama kikapu kitupu.

Nikadhani wamenionea huruma. Nikahesabu mwenyewe, zilikuwa kamili. Nikaomba arobaini. Ikapanda mara moja, nikairudia hadi mara tano. Wakapiga makofi, binti yangu akatoka na mwiko mkononi kuona nani kaanguka. Shajara, nilikaribia kulia. Nikaongeza kilo mbili na nusu.

Hapo nikaitambua. Mtu anaujua uzito anaoamka nao kila siku. Ilikuwa thelathini na tano yangu ya Kilosa, ileile, mabega yakilalamika palepale: mara tatu, ya nne kwa taabu.

Nikawasimulia. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu chuma cha kwetu kilipimwa wapi. Nikavaa shati, nikaanza kupiga hesabu.

Mimi ni wa darasa la nne, lakini hesabu hiyo haikunishinda. Mizani inayosoma arobaini na mbili na kidogo kuwa thelathini na tano, inasoma debe sita kuwa tano. Na kwenye ndoano ile sikutundika chuma tu. Nilitundika mahindi yangu, msimu baada ya msimu, Masanja akisoma huku akinitukana, mimi nikicheka mpaka machozi.

Jana baada ya ibada nikamfuata nyumbani kwake. Sikumtukana kama kawaida, na nadhani hapo ndipo alipoogopa. Nikamsimulia ya Mikumi. Akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. Kwanza akasema mizani ilikuwa ya tajiri, alikabidhiwa ikiwa hivyo. Kisha akajaribu kucheka, akasema ni utani tu.

Nikamuuliza jambo moja: mwaka mzima ukiniona natetemeka na yale mawe, ulikuwa unajua?

"Ningekuambia chuma ni kizito, mtani," akasema, "ungeniuliza mahindi."

Nikaondoka.

Mtani huchukua kuku mchana, watu wakiona, akaenda zake akiimba. Hachukui kimya kimya huku akisoma namba ya uongo. Hata hivyo mahindi labda ningeyasamehe. Kila mtu ana tajiri wake anayemwogopa. Lakini alikaa kwenye kigoda changu akinihesabia, akijua arobaini nilishaivuka zamani. Aliniibia hadi ushindi, tena ushindi ambao yeye hana pa kuuuza.

Leo asubuhi nikafunga mawe mawili. Sikuwa nimegusa chuma tangu Mikumi, mwili umepumzika siku tatu, kichwa kinachemka. Kikafika usawa wa macho, kikasimama, tukatazamana.

Halafu kikapanda.

Kikafika juu kabisa, mikono imenyooka, kwa mara ya kwanza tangu niyapate hayo mawe. Kilo ngapi sijui. Hapa Kilosa sina mizani ninayoiamini.

Nikageuka, chuma bado kiko juu, mdomo umeshafunguka: Masanja, hesabu.

Kigoda kitupu.

Kwa mila zetu, nikifa yeye ndiye wa kuja kuvaa koti langu na kunikejeli msibani mpaka wafiwa wacheke. Nimkataze, au nimwache aje wakati siwezi tena kumuuliza kitu? Sijaamua. Kesho alfajiri nitafunga mawe tena. Ninachojiuliza ni nitahesabu kwa sauti ya nani.