Nimemchanja Bibie

Mwanjelwa,
Mbeya.
11 Julai 1958

Mpendwa mdogo wangu Othmani,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe na wote walioko hapo Ipogolo, nikiomba barua hii iwakute wazima. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na mkeo Mwanakhamisi, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku hatujambo, ila baridi ni kali hata maji ya kutawadha tunayapasha moto. Mume wangu Yunusu yuko barazani na cherehani yake kama kawaida.

Barua yako niliipata mwezi uliopita, na kimya changu hakikuwa cha kukosa stempu. Uliandika kwamba watu wa chanjo ya ndui wakirudi shuleni, binti yako Bibie asiende, na kwamba ukisikia amechanjwa utapanda basi uje umchukue. Basi nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu: amechanjwa. Nilimpeleka mimi. Siku ya nane mkono ulivimba akapata homa, siku ya kumi na moja alikuwa anaruka kamba uani. Nimengoja kigaga kidondoke ndipo nikuandikie, ukose la kusema.

Mara ya kwanza, mwezi wa tatu, nilikutii. Mchanjaji aliwakwaruza watoto begani, akawatilia dawa, akawaambia wasiiguse. Bibie alipofika nyumbani nilimfuta kwa ndimu na chumvi ili chanjo isishike, kama ulivyonielekeza. Nusu ya ndimu iliyobaki nilimpa jirani yangu Damari amfute mwanawe Isakwisa. Yeye alisita. Mimi ndiye niliyemwambia asiogope, sote tunafanya hivyo.

Mwezi wa tano Isakwisa akashikwa na ndui. Alhamdulillahi amepona, lakini jicho la kushoto limekufa. Nilikwenda kumpa pole mama yake, nimebeba sahani ya mchele. Hakugomba. Alisema tu, "Mama, ile ndimu bora ungenipa ya kuungia samaki." Nilitoka pale nikilia, na aibu ile ninayo mpaka leo. Siku hizi ndimu haiingii jikoni kwangu.

Kwa hiyo usiniletee tena habari za mtoto wa Rujewa aliyeoza mkono kwa chanjo. Nimewauliza wote waletao mchele sokoni kutoka huko, na hakuna hata mmoja anayemjua mtoto huyo wala baba yake. Wala usiniambie kwamba wewe hukuchanjwa na bado u hai. Nilikuwapo ndui ilipokushika, Othmani. Mama alikulaza juu ya majani ya mgomba kwa sababu mkeka ulikuwa unakubandua ngozi, nami nilikupepea nzi wiki mbili. Wewe ulikuwa mdogo, umesahau. Mimi sijasahau hata harufu yake.

Unasema mtoto ni wako. Ulipomleta nimlee, ulimkalisha kwenye mkeka wangu ukatamka mbele ya mjomba Bushiri, "Dada, huyu ni wako. Akiugua umuuguze, akifa umzike." Najua ndivyo watu wetu wasemavyo kila mtoto anapokabidhiwa shangazi, na wengi husema bila kufikiri. Mimi niliyashika maneno yako. Kama nina ruhusa ya kumzika, basi ninayo pia ya kumchanja, na kesho wakija tena nitampeleka tena.

Mwambie Mwanakhamisi kwamba bintiye ameanza juzuu ya pili na anasoma vizuri, na kwamba gauni alilomletea sasa limekuwa fupi. Mjomba Bushiri mpe salaam zangu, umuulize kama anayakumbuka maneno ya mkekani. Yunusu naye anawasalimu. Anasema katika mambo haya ya ndugu wawili yeye hamo, lakini siku ile ya chanjo ndiye aliyefunga kazi mapema akatusindikiza.

Ukitaka kuja kumchukua, njoo. Basi la Iringa linafika jioni, wali utaukuta, na sitakufungia mlango. Ila kabla hujamshika mkono, mtazame begani. Ana kovu moja tu, dogo kama punje ya hindi. Ukishaliona, jipapase uso.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,

Mwanahawa