Gari la Baba na Ule Mlima

Kiganjo,
Thika.
16 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Githae,

Pokea salamu za nyumba nzima. Habari ya Kanada, na hiyo baridi imekuachia masikio? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imeanza, kabinti kangu Jackie kameota jino lingine, na mume wangu Macharia bado anakoroma kama posho mill ikisaga mahindi.

Goti la Mama ndilo halijapona. Nilikuficha, lakini tangu Agosti hajaenda shambani Gatanga kuona kaburi la Baba. Si unaukumbuka ule mlima baada ya daraja? Baba alikuwa akitushusha wote, anapanda na gari likiwa tupu, kisha anatungoja huko juu na mlango wazi. Kagari kenyewe ni kale kale, injini ndogo, na ukipakia watu kanazima katikati. Agosti Mama alipanda kwa miguu, akaketi mara tatu kwenye mawe. Alipofika alisema hiyo ndiyo ya mwisho, siku nyingine atapanda akibebwa. Neno hilo liliniuma sana.

Sasa usinikasirikie. Najua ulisema gari la Baba lisiguswe hata stika. Nimeligusa.

Huko Ruiru, pale Kimbo, kuna msichana anaitwa Nzilani, kazi yake ni kutuni magari yavute zaidi. Mimi nilidhani kutuni ni mambo ya redio. Kwanza alinirudisha kwa fundi nibadilishe plagi na chujio la hewa. Niliporudi nilikuwa nimeosha injini kwa sabuni nisiaibike, na kumbe hata boneti hakufungua.

Githae, nilishangaa mpaka leo nashangaa. Baba alizeekea chini ya lile gari na spana mkononi. Huyu aliketi kwa kiti cha dereva, akachomeka waya chini ya usukani, akafungua laptop. Alinieleza kwamba ndani kuna kompyuta inayoamua petroli iingie kiasi gani na moto uwake saa ngapi, na kwamba waliyoiandikia huko kiwandani ni uoga mtupu. Akabadilisha namba humo kwenye laptop. Hakuna grisi, hakuna nyundo. Nilienda kibandani kunywa chai na mandazi, na niliporudi alikuwa amemaliza. Pesa aliyoitisha haikufika bei ya matairi mawili. Alinionya tu kwamba halitakuwa ndege, lakini litavuta.

Jana tukaenda. Mama alikaa mbele na mimi, Macharia na Jackie nyuma, na gunia la mbolea ambalo Macharia alipakia makusudi aone aibu yangu. Tulipovuka daraja Mama alifungua mkanda akashika mlango, mazoea tu. Nikamwambia atulie. Gari likanguruma, likapanda. Lilipanda, Githae! Polepole kwenye kona, lakini halikukata pumzi. Machozi yalinitoka nikaogopa nisione barabara. Macharia anashikilia ni zile plagi mpya tu. Mwache.

Huko juu Mama aliniomba nisimame pale pale Baba alipokuwa akitungojea. Hakushuka. Aliangalia ukingo wa barabara kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba leo hajamchelewesha Baba. Tulipofika kaburini alikaa karibu saa nzima, na goti hakulitaja.

Kitu kimoja zaidi. Kabla ya kuandika upya, Nzilani alihifadhi yale maandishi ya kwanza kwenye flashi, gari kama Baba alivyoliacha. Nimeiweka ndani ya Biblia ya Baba. Ukisema lirudishwe, nitaenda Kimbo kesho, sitabishana. Lakini wewe ndiye utakayempigia Mama simu umwambie.

Nisalimie shemeji yangu Maxine na Byron mdogo, umwambie shangazi yake bado anamdai picha. Mama anakuombea kila asubuhi kwa jina lako lote. Mungu akutunze huko, akurudishe tupande ule mlima pamoja.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukikasirika,

Wamboi