Uvivu wa Mwalimu Mkuu Ubaoni

Shosti, nimekwisha.

Nilikuwa nawafundisha darasa la sita kugeuza vivumishi vya Kiingereza kuwa nomino: "lazy" inazaa "laziness". Ili wasisahau, nikaandika ubaoni kwa Kiingereza sentensi kuhusu uvivu wa mwalimu mkuu wetu. Watoto wakavunjika mbavu, nami nikasahau kufuta.

Akaingia. Mwenyewe! Akaisoma polepole mpaka nukta.

"Nani kawafundisha hii?"

Na nilivyowazoesha kujibu kwa pamoja, wakapaza sauti: "Tiichaaa!" Darasa zima, shosti. Zima!

Hakufoka hata kidogo. Ndicho kinachoniogopesha.

Sasa nipo kwenye benchi nje ya ofisi yake. Mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Kasema nikiitwa, niingie na chaki. Sijui ni ya kuandika au ya kukabidhi.