Uchafu Ulikuwa Wangu

Tanga, Jumapili. Masika imeshika tangu alfajiri, na viatu vyangu bado vina tope la Tongoni.

Naandika jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu.

Mimi ni nesi wa wadi ya wazazi. Mwezi uliopita watoto wachanga walianza kutoka majipu. Tukawachoma penisilini, dawa ambayo miaka michache nyuma ilikuwa ikikausha usaha upesi. Safari hii haikufanya kitu. Mtoto wa Mwanahawa, mwanamke wa Tongoni, alizidiwa kuliko wote. Kisha titi la mama mwenyewe likavimba, likapasuliwa.

Nilimkaripia mbele ya wadi nzima. Nilimwambia katuletea uchafu wa kwao. Mama mkwe wake alikuwapo, kaja na uji.

Wiki hii daktari alitupima wauguzi wote puani. Jana akaniita peke yangu. Alinieleza kwamba penisilini imeua vijidudu dhaifu, vikabaki sugu, navyo vinazaliana humu humu hospitalini. Vile vya usaha wa mtoto wa Mwanahawa vimeonekana puani mwangu. Mimi mzima, sina hata kipele.

Mimi ninayejisifu kwa kunawa mikono.

Akanipa dawa ya kupaka puani, akaniondoa wadini kwa muda. Alisema si kosa langu. Kuvibeba, labda. Lakini maneno niliyomtupia Mwanahawa hakuna aliyenitia kinywani.

Leo nikapanda basi hadi Tongoni. Mtoto amepona kwa dawa nyingine, ila titi lile halitoi maziwa. Mwanahawa nilimkuta akijipikia peke yake katika kachungu kake. Tangu siku ile mkwewe hali chakula cha mkono wake.

Nilisimama uani, mbali na mtoto, nimejifunika pua kwa kanga. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, nikawaeleza wote wawili.

"Kwa hiyo ni wewe," mama akasema.

"Ni mimi, mama. Yeye hakuleta kitu."

Akainuka, akaingia ndani. Nikamwomba Mwanahawa radhi. Aliendelea kukoroga, kisha akasema polepole, "Kule ulinitukana mbele ya wadi nzima, dada. Hapa waniomba radhi tuko wawili."



Wanawake waliokuwa wadini siku ile wamekwisha kutawanyika, mmoja Pangani, mwingine Muheza, wengine sijui waliko. Kesho nitaanza na yule wa Ngamiani, maana nyumba yake naijua.